Kompyuta ya zamani imeshika waifai lakini tovuti hazifunguki: haya yaangalie kabla hujaenda kupiga Windows upya

Mwenye kompyuta ya zamani nyumbani hili atakutana nalo tu siku moja. Waifai imeshika, vijistari vimejaa, imeandika Connected kabisa, ila ukifungua brauza ukurasa unazunguka weee mpaka unachoka mwenyewe, au inakuletea ukurasa mweupe wenye Kiingereza kirefu na kitufe cha Reload. Simu yako kwenye waifai hiyohiyo inafungua kila kitu bila shida. Hapo wengi wanabeba mashine kwenda kwa fundi, fundi anaangalia mara moja anasema Windows imechoka, anaipiga upya kwa flashi yake ya Windows 7 ya miaka ile, na mashine inarudi nyumbani na tatizo lilelile au kubwa zaidi, manake apdeti zote zilizokuwemo zimefutika na picha za familia nazo zimeenda.

Mi nasema kupiga Windows iwe hatua ya mwisho kabisa. Connected inamaanisha kompyuta na rauta wamekubaliana, basi, haijasema chochote kuhusu intaneti. Kutoka hapo mpaka ukurasa ufunguke bado mashine inatakiwa ipewe namba ya IP, yaani anwani yake kwenye mtandao, ombi lake litoke nje ya nyumba, jina la tovuti ligeuzwe kuwa namba, halafu kompyuta na tovuti wakubaliane mambo ya usalama, ile https. Kila sehemu ikikatika inaonyesha dalili yake tofauti, na ukiijua dalili unaenda moja kwa moja kwenye ugonjwa.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni kompyuta

Zima data kwenye simu, ibaki waifai peke yake, ndo ufungue tovuti ambayo hujaifungua leo. Hii hatua watu wanairuka sana. Simu nyingi waifai ikiwa haina intaneti zinahamia kwenye data kimyakimya, wewe unaona simu inafungua unadhani waifai nzima, kumbe ni bando lako la simu ndo linafanya kazi. Kama na simu inagoma basi kompyuta iache ipumzike, tatizo lipo kwenye rauta au kwa mtoa huduma.

Na kama unatumia hotspoti ya simu, angalia salio la bando kabla ya kitu chochote. Bando likiisha hotspoti haikatiki, kompyuta inaendelea kuonyesha imeunganishwa vizuri kabisa ila hakuna kinachopita. Kompyuta yenye Windows 10 inaweza kumaliza bando la siku nzima kwa apdeti tu wakati wewe hujafungua hata ukurasa mmoja, kwa hiyo ingia kwenye setingi za hiyo waifai uwashe Set as metered connection, itapunguza huo ulaji. Windows 7 haina hiyo batani.

Waifai za hotelini, hosteli na vyuoni nazo zina ukurasa wao wa kuingiza namba au paswadi kabla hujaruhusiwa kutoka. Kompyuta ya zamani mara nyingi haiuleti huo ukurasa yenyewe. Andika neverssl.com kwenye brauza, hiyo ni tovuti iliyotengenezwa makusudi isitumie https, ukurasa wa kuingilia utajitokeza hapo.

Usifunge ule ukurasa wa kosa, usome

Najua unaudhi, ila chini yake kuna maandishi madogo ya kodi ya kosa, ile error code, na hayo ndo dawa. Kama unatumia Chrome na imeandika DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, shida ipo kwenye kugeuza jina kuwa namba. ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED ni proksi, yaani brauza imeelekezwa ipite kwa mtu wa kati kabla ya kutoka kwenye intaneti. ERR_CONNECTION_TIMED_OUT ni ombi limetoka halikujibiwa. NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, au inakuambia saa yako ipo nyuma, hiyo ni tarehe ya kompyuta. NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID ni vyeti vya usalama, na ukiona ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH ujue brauza yako imezeeka kuliko tovuti inavyokubali. Firefox ina maneno yake, SEC_ERROR_EXPIRED_CERTIFICATE au SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER, ila maana ni zilezile, tarehe na vyeti. Piga picha hiyo skrini kwa simu, hata ukienda kwa fundi umwonyeshe hiyo, usimwambie tu "haifungui".

Kama umesoma kodi na imekuelekeza, ruka uende kwenye sehemu yake huko chini. Kama hakuna kodi ya maana, fanya hivi.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, Enter. Kwenye dirisha jeusi andika ipconfig uangalie mstari wa IPv4 Address, kwenye XP imeandikwa IP Address tu. Ikianza na 169.254 hiyo namba kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuomba kwa rauta ikakosa, na kwa namba hiyo hutoki nje hata ukeshe. Zima rauta, hesabu mpaka nusu dakika, iwashe, unganisha tena. Ikiendelea hivyo nenda ncpa.cpl kwa njia ileile ya Windows na R, fungua Properties za waifai, Internet Protocol Version 4, uhakikishe zote mbili zipo kwenye Obtain automatically. Kompyuta zilizotoka maofisini mara nyingi zinakuja na namba ya IP iliyoandikwa kwa mkono na watu wa IT wa huko, na ndo maana zikifika nyumbani zinashika waifai halafu zinakaa tu.

Namba ikiwa ya kawaida, 192.168 kitu fulani au 10 kitu fulani au 172.20.10 kama ni hotspoti ya iPhone, andika ping 8.8.8.8, hiyo inaiuliza sava ya Google kama inakusikia. Ukiona Reply from basi intaneti imefika mpaka ndani ya kompyuta, shida ipo huku juu kwenye majina au usalama. Kisha andika ping google.com. Ile ya namba ikijibu na hii ya jina ikagoma, shida ni DNS, ule mfumo wa kugeuza jina kuwa namba, na hapo umeshapunguza kazi zaidi ya nusu. Ila kuna mitandao inazuia ping, kwa hiyo Request timed out peke yake usiichukue kama hukumu.

Zote mbili zikijibu, fungua neverssl.com au http://example.com. Zikifunguka hizo halafu tovuti zenye https zikagoma, angalia pembeni chini kulia kwenye saa.

Saa na tarehe, hapa ndo kompyuta nyingi za zamani zinafia

Nitakaa hapa kidogo manake ndo sababu ninayoikuta zaidi kwenye desktopu za majumbani na ndo ambayo watu hawaifikirii kabisa. Kuna mwalimu mstaafu jirani yetu aliniita siku moja, nimefika nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu", akaitikia, "Marahaba mwanangu, hebu iangalie hii, waifai imekubali lakini haifungui kitu, nahisi kuna kirusi." Nikaangalia ile pembe ya chini, imeandika Januari 2009. Nikamuuliza, "Mwalimu, usiku huwa unaizimia wapi?" Akanionyesha swichi ya ukutani. Ugonjwa wote ulikuwa hapo.

Ndani ya kompyuta, kwenye ule ubao mkubwa, mazabodi, kuna kibetri cha duara kama cha saa kubwa, kinaitwa CR2032, cha volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa ya kompyuta wakati hakuna umeme. Desktopu ikiwa imechomekwa ukutani na swichi ipo on, hata ukiizima saa inakula umeme wa ukutani, kibetri kinapumzika. Ukizima ukutani kila usiku, au umeme unakatika kila mara, kibetri ndo kinabeba mzigo wote, na baada ya miaka kadhaa kinakwisha. Kikiisha, kila umeme ukikatika saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani, na ukiwasha inaweza kukuandikia CMOS checksum error na kukuambia ubonyeze F1 kuendelea. Watu wanabonyeza F1 miaka nenda miaka rudi bila kuuliza.

Sasa tovuti inahusikaje na kibetri? Kila tovuti ya https ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na brauza inakilinganisha na saa ya kompyuta yako. Kompyuta ikiamini tupo 2009, cheti kilichotolewa mwaka huu kwake kinatoka miaka ya mbele huko, hakijaanza kutumika, inakikataa. Google, Facebook, benki, barua pepe, zote zinakataliwa kwa mpigo. Na tovuti kubwa nyingi hazikupi hata ile njia ya kusema endelea hivyohivyo, manake zimeshaiagiza brauza isiruhusu kabisa.

Dawa ya haraka: Windows na R, andika timedate.cpl, weka tarehe, mwezi, mwaka na saa, halafu angalia na kanda ya saa iwe Nairobi UTC+03:00, hiyo ndo yetu Tanzania, Kenya na Uganda. Kompyuta za mtumba kutoka Ulaya na Dubai zinakuja na kanda za huko, mtu anarekebisha saa ionekane sawa machoni lakini kanda inabaki ya London, kwa ndani kompyuta inakuwa imepishana masaa. Angalia pia AM na PM. Ukimaliza funga brauza yote, ifungue upya.

Kitu kingine, usianze kwa kubonyeza Update now kwenye Internet Time ukitegemea itajiweka yenyewe. Kama tarehe imepishana sana, Windows inakataa kuirekebisha, XP inakuandikia kabisa kwamba kwa sababu za usalama haiwezi kwa vile tarehe hazilingani. Weka kwanza kwa mkono iwe karibu na ukweli, ndo ubonyeze hiyo.

Dawa ya kudumu ni kubadilisha kibetri, na hii kazi unaifanya mwenyewe. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme kabisa, fungua ubavu wa kasha, gusa chuma cha kasha kwanza utoe umeme wa mwilini, piga picha ya ndani kwa simu. Kibetri utakiona tu, kinang'aa. Pembeni yake kuna kichuma kidogo kinachokishika, kisukume kwa ukucha kwenda nje, kibetri kinaruka juu chenyewe. Kipya kinaingia upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Kwa mafundi saa na maduka ya vifaa vya umeme vinapatikana, sema tu CR2032, ila kataa kile ambacho pakiti yake imeshafunguliwa. Mwenye mita apime, kibetri kizima kinasoma 3 au zaidi kidogo, kikishuka chini ya 2.7 kitoe.

Ukishawasha, ingia BIOS, zile setingi za kompyuta yenyewe kabla Windows haijawaka, kwa Delete au F2, weka tarehe huko, na uangalie kitu kinaitwa SATA Mode, ile njia ya kompyuta kuongea na diski. Kibetri kikitolewa setingi zinarudi za kiwandani, na kama Windows yako iliwekwa ikiwa kwenye AHCI halafu sasa imerudi IDE, itakuletea skrini ya bluu kabla hata haijawaka, watu wanadhani wameua kompyuta. Irudishe tu AHCI. Laptopu nyingi nazo zina kibetri hichohicho ila kimefungwa na kiwaya chenye plagi, kukifikia ni kazi zaidi, hapo fundi ana haki ya kulipwa.

Tarehe ipo sawa lakini https bado inagoma

Hapa umri wa kompyuta wenyewe ndo unaongea. Lugha ya usalama inayotumika kwenye https inaitwa TLS. Mwaka 2020 Chrome na Firefox zilianza kukataa TLS 1.0 na 1.1, na tovuti nyingi sahivi zinataka 1.2 kwenda juu. Internet Explorer 8 ya Windows XP inaishia 1.0. Yaani wewe na tovuti hamna lugha ya pamoja, hata tarehe iwe sawa kwa sekunde hamtaelewana. Kwenye Windows 7 Internet Explorer 11 inaijua 1.2, nenda inetcpl.cpl, kitufe cha Advanced, shuka mpaka chini, tiki Use TLS 1.2. Lakini kusema kweli Internet Explorer iache kabisa, Microsoft wenyewe waliistaafisha Juni 2022.

La pili ni vyeti mama. Kompyuta ina orodha yake ya mashirika inayoyaamini kutoa vyeti, na hiyo orodha nayo inazeeka. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja kinaitwa DST Root CA X3 kiliisha muda, na ndicho kilichokuwa kinabeba vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti. Kompyuta na simu za zamani ambazo hazikuwa na cheti kipya, ISRG Root X1, zikaanza kukataa tovuti ambazo jana yake zilikuwa zinafunguka. Dalili yake ni kwamba baadhi ya tovuti zinafunguka vizuri na nyingine zinaleta onyo la AUTHORITY_INVALID. Na hii ndo sababu kupiga upya Windows 7 kwa flashi ya kitambo kunaongeza tatizo, ile Windows inarudi na orodha ya vyeti ya miaka hiyo.

Njia rahisi ya kumaliza yote mawili ni Firefox, kwa sababu Firefox inabeba TLS yake na orodha yake ya vyeti, haitegemei ya Windows. Kwa Windows 7, 8 na 8.1 tafuta Firefox 115 ESR, ESR ni toleo linalopewa marekebisho kwa muda mrefu. Chrome ya mwisho kwa hizo ni 109 ya mwaka 2023. Kwa XP na Vista ya mwisho ni Firefox 52.9 ESR ya mwaka 2018, ambayo TLS 1.2 inaijua, Chrome iliishia 49. Kwa vile kompyuta yenyewe haifungui tovuti, pakua kwa simu au kompyuta ya mtu halafu hamisha kwa flashi au waya wa USB. Pakua kwa Mozilla wenyewe, hizi tovuti za kupakua kila kitu zinakupa Firefox pamoja na takataka nyingine ambazo hukuomba.

Ukitaka Windows 7 yenyewe ikitambue hicho cheti, chukua faili la ISRG Root X1 kwenye tovuti ya Let's Encrypt kwa simu, lihamishe, libofye mara mbili, Install Certificate, chagua kuweka kwenye Trusted Root Certification Authorities. Kinafanya kazi mpaka 2035. Ila nisikilize vizuri hapa: cheti mama usiweke chochote ulichotumiwa na mtu kwenye kundi la WhatsApp au ulichokuta kwenye tovuti usiyoijua. Mwenye cheti mama ndani ya kompyuta yako anaweza kujifanya benki yako na brauza isikuonye kitu.

Namba inajibu, jina halijibu

Hii ni DNS. Anza na ipconfig /flushdns, kisha jaribu tena. Ikigoma nenda ncpa.cpl, Properties za muunganisho, Internet Protocol Version 4, weka DNS kwa mkono: 8.8.8.8 na ya pili 1.1.1.1. Ya kwanza ya Google ya pili ya Cloudflare, zote bure. Mara nyingi hapo tu tovuti zinafunguka papo hapo.

Lakini kabla hujabadilisha, andika ipconfig /all usome zilizokuwepo, usiifute ushahidi. Kama kuna namba usiyoielewa na hukuiweka wewe, inawezekana kirusi ndo kiliiweka. Hili si jambo la kubuni. Kulikuwa na kirusi kinaitwa DNSChanger, kilibadilisha DNS za kompyuta kama milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, mtu anaandika jina la tovuti anapelekwa wanakotaka wao. Novemba 2011 wahusika walikamatwa Estonia, na kwa vile kuzima zile sava ghafla kungewakata watu wote hao, FBI wakaweka sava safi za muda badala yake mpaka tarehe 9 Julai 2012. Siku hiyo zilipozimwa, kompyuta ambazo hazikusafishwa zikawa kwenye hali hiihii tunayoizungumzia, zimeunganishwa lakini hakuna tovuti inayofunguka. Na kile kirusi kilikuwa kinaingia mpaka kwenye rauta zenye paswadi ya kiwandani. Kwa hiyo kama rauta yako bado unaingia kwa admin na admin, badilisha leo, na uangalie DNS iliyoandikwa humo ndani.

Kirusi kimeondoka, intaneti imeondoka nacho

Kuna ile hali antivairasi imesafisha, inakuambia kompyuta ipo salama, na kuanzia dakika hiyo tovuti hazifunguki. Virusi vingi vinajiweka katikati ya brauza na intaneti, na vikifutwa lile pengo linabaki.

Angalia proksi kwanza: inetcpl.cpl, Connections, LAN settings. Nyumbani pale kwenye Use a proxy server pasiwe na tiki. Ukikuta 127.0.0.1 na namba ya porti, kirusi kiliielekeza brauza ipite kwenye programu ambayo sasa haipo. Toa tiki. Firefox inaweza kuwa na proksi yake pembeni, ingia setingi zake, Network Settings, chagua No proxy. Tiki ikijirudisha yenyewe baada ya kuwasha upya, ujue kirusi chenyewe bado kimo ndani.

Kisha fungua faili linaitwa hosts kwa Notepad, lipo C:\Windows\System32\drivers\etc. Mistari ya kawaida humo inaanza na alama ya #, na kwenye XP kuna mmoja wa localhost. Ukikuta mistari inayotaja tovuti unazozitumia imeandikwa mbele yake 127.0.0.1 au namba ya ajabu, hiyo ifute. Programu za kukraki nazo zinaandika humu kuzuia tovuti za wenye programu, kwa hiyo usishangae ukikuta orodha ndefu.

Hayo yakishindikana fungua cmd kwa kulibofya kulia na kuchagua Run as administrator, andika netsh winsock reset, Enter, halafu netsh int ip reset, Enter, washa kompyuta upya. Kwenye XP ya Service Pack 2 kwenda juu hiyo ya kwanza inafanya kazi pia, na int ip reset ya XP inataka uandike mbele yake jina la faili la kumbukumbu, mfano c:\reset.txt. Kumbuka, kama ulikuwa umeandika IP au DNS kwa mkono, itabidi uandike tena.

Na antivairasi iliyoisha muda miaka mingi iliyopita yenyewe inaweza kuwa ndo kizuizi, manake nyingi zinaingia katikati ya https kukagua na hiyo teknolojia yao imezeeka. Kuizima kwa muda hakutoshi, itoe kabisa kwa ile programu maalum ya kuondolea ambayo kampuni husika inaitoa, halafu jaribu. Windows 7 ikibaki bila antivairasi kwa dakika kumi za majaribio hakuna shida, usiende tu kufungua viambatisho.

Google inafunguka, nyingine zinaning'inia

Hii inachanganya sana. Utafutaji unafanya kazi, ukibofya matokeo ukurasa unabaki mweupe bila kosa lolote. Kama ni tovuti zote nzito, inawezekana ni kompyuta yenyewe, RAM ya GB 1 haiwezi kurasa za sasa hivi, subiri dakika mbili uone kama itafunguka pole pole. Isipofunguka kabisa, fikiria ukubwa wa pakiti, vile vipande ambavyo data inasafiri navyo, ukubwa huo unaitwa MTU. Andika ping -f -l 1472 8.8.8.8. Ikikuandikia Packet needs to be fragmented, punguza, 1452, 1432, mpaka ijibu, halafu ile namba iliyojibu ijumlishe 28, hiyo ndo MTU itakayokufaa. Muunganisho wa PPPoE, ule ambao rauta inaingia kwa jina na paswadi ya mtoa huduma, unakuwa 1492, wa simu unaweza kuwa chini zaidi. Iweke kwenye rauta kama ina hiyo sehemu, utakuwa umetibu vifaa vyote vya nyumbani kwa pamoja.

Jaribu pia kutoa tiki ya Internet Protocol Version 6 kwenye Properties za muunganisho. Ikisaidia iache hivyo, ila ni vizuri kujua tatizo la kweli huenda lipo kwa rauta au mtoa huduma.

Ukitaka kujua kwa uhakika ni Windows au ni vifaa

Kabla hujakubali kupigiwa Windows, pakua Linux, mfumo wa bure unaofanya kazi ya Windows, kwenye kompyuta nyingine, iandike kwenye flashi kwa programu inaitwa Rufus, uwashe mashine yako kutoka kwenye hiyo flashi bila kusakinisha chochote. Kama ina RAM ya GB 2 kwenda juu na prosesa ya biti 64 chukua Linux Mint ya Xfce, na Core 2 Duo za kuanzia 2006 ni biti 64 hata kama Windows iliyomo ni ya 32. Kwa mashine ndogo zaidi chukua antiX, Linux nyingine nyepesi, ina toleo la biti 32. Unganisha waifai ukiwa humo, hakikisha tarehe, fungua tovuti. Zikifunguka, kadi ya waifai nzima, rauta nzima, mtoa huduma mzima, shida ilikuwa ndani ya Windows. Zikigoma hata humo, kupiga Windows kusingekusaidia chochote, shughulika na kadi, rauta au DNS ya rauta.

Na kama Linux imefungua vizuri na mashine yenyewe ni ya XP, mi ningeshauri uiache hiyo Linux hapohapo. XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kuandika barua na kucheza miziki sawa, ila paswadi ya benki au ya pesa za simu usiiandike humo. Kabla ya kusakinisha, ukiwa bado kwenye ile Linux ya flashi, fungua diski ya ndani, utaona mafaili yako yote ya Windows, hamisha picha na nyaraka kwenye diski ya nje, fungua chache uhakikishe zimehama nzima, ndo ubonyeze Install.